Mkanda wa Saa ya Baba

Mwezi uliopita nilikuwa nachambua nguo kwenye rundo la mitumba, nikashika mkanda wa kiume wa ngozi, wa kahawia, uliochakaa, na kabla sijautazama vizuri harufu yake ikanifikia. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyokunywa jasho la mtu mmoja kwa miaka mingi. Muuzaji akaniuliza kama nautaka. Kwa dakika ile sikuwa pale sokoni. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nimesimama mbele ya meza ya baba katika nyumba ya mwalimu huko Biharamulo, mkono mmoja nimeshika saa yake, mkono mwingine nimeshika wembe.

Kwetu ni Murukulazo, Ngara. Baba alikuwa mwalimu, akahamishiwa shule ya msingi upande wa Biharamulo, ng'ambo ya lile pori ambalo siku hizo magari yalilivuka kwa msafara, askari wenye bunduki wakiwa mbele. Mama alibaki nyumbani na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Mimi nikaambiwa nitakwenda na baba. Hakuna aliyenieleza sababu. Kwa wiki nzima niliwasikia watu wazima wakinong'ona jikoni, wakinyamaza kila nilipoingia, na kwa kuwa mtoto hawezi kukaa na jambo lisilo na sababu, nikajitafutia yangu: mama ametakiwa kuchagua, na amemchagua mdogo wangu.

Wenzangu mliolelewa milimani mtanielewa nikisema kwamba kitu cha kwanza kilichonitisha huko tulikohamia ni anga. Kwetu anga ni kipande tu, kimekaa juu ya migomba, kati ya kilima na kilima. Kule lilikuwa limemwagika kila upande, na chini yake mashamba ya pamba na mahindi, na ng'ombe wengi kuliko watu. Majirani wetu wengi walikuwa Wasukuma waliokuja kutoka Shinyanga na Mwanza kutafuta malisho. Hawakuwa watu wabaya hata kidogo. Walituletea maziwa siku tuliyofika. Lakini watoto wao walicheza kwa Kisukuma, na mimi nilijua Kihangaza changu na Kiswahili cha darasani, cha kumjibu mwalimu. Siku ya pili nilianguka uwanjani nikagonga goti, nikalia nikimwita mama kama tunavyomwita kwetu: "Mawe! Mawe!" Wakasimama kunishangaa. Msichana mmoja akaokota jiwe, akaniletea kwa upole kabisa, akidhani ndilo ninalolililia. Wengine wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo sikumwita mama kwa sauti.

Nyumbani hapakuwa na kelele. Baba alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya kuhama, lakini kwetu ukimya wake ulizungukwa na sauti za wengine, ukawa kama kiti tu ndani ya nyumba. Kule ulikuwa ndio nyumba yenyewe. Tulipika pamoja, tukala pamoja, yeye akisahihisha madaftari na mimi nikiosha sufuria. Nami nilijaribu kuongea. Nilimweleza ng'ombe aliyeingia darasani, nikamweleza ndoto zangu, nyingine nikizitunga papo hapo ili zirefuke. Na kila mara, nikiwa katikati ya maneno, baba alikunja mkono wake wa kushoto na kutazama saa.

Ilikuwa saa ya kutia ufunguo, yenye uso mweupe na mkanda wa ngozi uliokwisha kuwa mweusi kwa jasho. Saa hiyo ndiyo aliyoitumia kugongea kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Lakini nyumbani hapakuwa na kengele. Nilimwona akitazama saa nikisimulia, akiitazama nikicheka, akiitazama nikiuliza swali. Na kila Jumanne na Ijumaa jioni, akishaitazama mara ya mwisho, alisimama.

"Funga mlango. Nitarudi kabla ya giza."

Alichukua baiskeli yake na kwenda. Niliwahi kumfuata kwa macho kutoka nyuma ya nyumba: alipita kando ya mashamba ya pamba, akavuka korongo, akapanda kile kilima kimoja tulichokuwa nacho, penye duka na miti michache. Sikujua anachofuata huko. Nilijua tu kwamba anahesabu dakika za kukaa na mimi, na zikitimia anaondoka kwenda kupumzika. Watoto wapweke wana akili ya kupanga ushahidi. Wangu ulikuwa umekamilika: mama hakunitaka, na sasa baba naye amechoka.

Hivyo Jumapili moja asubuhi, baba akiwa bafuni nje, nikachukua saa yake mezani. Nilichukua na wembe aliotuchongea penseli. Sikutaka kuiharibu saa. Nilitaka tu mkanda ukatike, saa iende kukaa kwenye mtoto wa meza, na mkono wa baba ubaki mtupu, asiwe na cha kutazama ila mimi. Nikaukata mkanda kwa upande wa ndani, karibu kabisa na saa, nusu tu ya upana wake. Harufu ya ngozi ile ilipanda kama pumzi ya mtu. Nikairudisha saa mahali pake. Baba akaja, akaivaa, akaikaza, tukaenda kusali.

Jumatatu mkanda haukukatika. Jumanne jioni akaniambia nifunge mlango, akaondoka na baiskeli.

Alirudi kukiwa bado kuna mwanga kidogo, akiikokota baiskeli badala ya kuipanda. Suruali yake ilikuwa imejaa miiba ya majani mpaka magotini. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akakaa kwenye kizingiti cha mlango, kitu ambacho hakukifanya kamwe, maana alikuwa mwalimu na watu wanapita. Kwenye mkono wake wa kushoto palikuwa na utepe wa ngozi iliyofifia, mahali saa ilipokaa miaka yote.

"Baba, umechelewa."

"Saa imeanguka njiani. Nimeitafuta, sijaiona."

Nikangoja anigombeze, ingawa hakujua. Aling'oa miiba michache kwenye suruali. Kisha akaongea akitazama nje, kama anayeiambia njia.

"Mama yako alikuwa anataka kuongea na mimi leo. Saa kumi na moja kamili, kwenye simu ya pale dukani, kilimani. Mimi nikawa korongoni nimepiga magoti kwenye majani, natafuta saa. Nimefika, mwenye duka ananiambia wamepiga mara tatu, wakakata tamaa."

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka siku ambazo simu moja ilikuwa ya vijiji vitatu, na mtandao ulishikika mahali pamoja tu, karibu na mti fulani, ukisimama hivi. Mimi wakati huo sikujua hata kwamba sauti ya mama ingeweza kufika kule.

"Mama yuko wapi?"

"Hospitali. Yuko hospitali tangu wiki ile tuliyokuja huku. Ana uvimbe tumboni. Mjomba wako ndiye anampelekea simu, siku mbili kwa wiki, akitoka kazini." Akafuta uso kwa kiganja. "Kesho asubuhi wanampeleka Mwanza akapasuliwe. Alitaka tuagane."

Akaingia ndani kuwasha moto. Mimi nikabaki pale mlangoni. Naweza kuwaambia leo kwamba nililia, lakini haikuwa hivyo. Nilikaa nikitazama vidole vyangu, nikashangaa kwamba ni vya kwangu.

Sikumwambia. Jumatano nilipotoka shule nikaenda korongoni peke yangu. Nilitembea nimeinama, hatua kwa hatua, nikifungua kila kishada cha majani kwa mkono. Jua liliniunguza kisogo. Alhamisi nikarudi tena. Watoto wachungaji waliniuliza kwa Kiswahili chao nimepoteza nini, nikasema sijapoteza kitu. Ijumaa nikaiona, upande ambao sikuufikiria, chini ya ukingo, imelala kifudifudi kwenye mchanga. Kioo kilikuwa kizima. Ilikuwa imesimama kwa kukosa kutiwa ufunguo. Nikauzungusha ufunguo wake mara chache, nikaiweka sikioni, ikaanza kutembea, na mimi nikakaa chini palepale kuisikiliza.

Ningempelekea baba vilevile ilivyo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini kwa akili yangu niliona siwezi kumpa saa yenye alama ya wembe. Baba akiwa kilimani jioni ile, akingoja simu ambayo haikulia, nilichukua kisu cha jikoni nikajaribu kuutoa mkanda uliobaki. Nilijua kuna kipini kinachoushikilia, lakini sikujua kinatokaje. Nikaibana saa kati ya magoti, nikaingiza ncha ya kisu, nikasukuma kwa nguvu zangu zote kuelekea kwenye kidole gumba kilichoishika. Kisu kikateleza. Kikachora mstari mgongoni mwa saa na kuingia kwenye kidole. Kipini nacho kikaruka na mlio mdogo kama wa panzi, kikapita karibu na shavu langu, kikapotelea kwenye udongo wa sakafu. Nikafunga kidole kwa kitambaa. Nikamwambia baba nilikuwa namenya mihogo.

Jumamosi ilikuwa siku ya mnada. Mwishoni kabisa, mbali na ng'ombe, alikaa mwanamke aliyeitwa Kabula, fundi wa saa. Meza ile ilikuwa ya mumewe. Mume alipofariki watu wakadhani meza itauzwa, siku iliyofuata ya mnada wakamkuta yeye ameikalia. Alikuwa na mikono minene ya kulimia na miwani ya marehemu iliyofungwa kwa uzi kisogoni. Nilikuwa nimempita mara kadhaa bila kuthubutu kusimama.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba. Wewe si mwana wa mwalimu?" Kiswahili chake hakikuwa na r hata moja. Changu kilikuwa nazo kupita kiasi, maana sisi kwetu tunaziweka hata pasipohitajika. "Umeleta nini?"

Nikampa saa. Akaigeuza, akagusa mchoro wa kisu kwa ukucha, akatazama kitambaa kwenye kidole changu, akatikisa kichwa. Kisha akakisogeza karibu na miwani kile kipande kifupi cha mkanda kilichokuwa bado kimekaa kwenye saa upande mmoja. Akakaa nacho muda mrefu.

"Nusu hii imelaluka. Nusu hii imekatwa," akasema. "Kwa wembe. Ona ilivyonyooka."

Nikakificha kidole changu mgongoni.

"Nani kakata?"

Watu walikuwa wakipita, ng'ombe wakilia, na mimi sikuweza kuinua macho kutoka kwenye meza yake. Nadhani nilitikisa bega. Nadhani hilo lilimtosha. Hakunigombeza wala hakuniambia neno la kunifariji. Alisogeza kando saa aliyokuwa akiitengeneza, akaupangusa ubao wa meza.

"Basi utaufunga wewe. Siyo mimi. Kaa hapa."

Nikamwambia sina cha kulipa, na kwamba nilitumwa chumvi tu. Akasema nipunguze maneno. Alikuwa na sanduku la saa za watu, nyingi zimefanana, naye hajui kusoma. Alikuwa anazitambua kwa kumbukumbu na wakati mwingine kumbukumbu ilimchongea. Nikimaliza kazi yangu, nitamwandikia majina ya wenyewe kwenye vipande vya boksi, naye atavifunga kwa uzi. Kwa hilo atanipa mkanda uliotoka kwenye saa iliyokufa, na kipini.

Akatandika kitambaa cheupe. "Kitambaa kwanza, kila siku. Saa inalala kifudifudi, uso wake usiguse ubao, na kipini kikianguka hakikimbii." Akanipa kichuma chembamba chenye ncha iliyogawanyika kama ulimi wa nyoka. Nikakishika kama nilivyokishika kisu. Akanipiga kofi dogo la mkono.

"Unakielekeza wapi?"

Nikatazama. Nilikuwa nimekielekeza kwenye kidole changu kingine, kilekile chenye kidonda.

"Mkono ulioshika saa haukai mbele ya ncha. Ukae nyuma, au pembeni. Kikiteleza kichome kitambaa, kisikuchome wewe. Haya. Katikati ya sikio la saa na mkanda kuna kiuwazi. Umekiona? Ingiza hapo. Kipini kina splingi ndani yake. Unakibonyeza kuelekea katikati, kidogo tu. Huku juu unakifunika na kidole cha mkono wa pili, kisipate pa kuluka. Na uso weka kando."

"Kwa nini uso, mama?"

Akaivua miwani na kunionyesha kioo cha kushoto. Kilikuwa na nukta ndogo iliyopasuka, kama tone. "Hiki kioo kingekuwa jicho la mume wangu," akasema, akaivaa tena.

Nikasukuma. Hakikutoka. Nikaongeza nguvu, naye akaushika mkono wangu kwa mkono wake mzito na kuulegeza. "Nguvu ni ya jembe, mwanangu. Hapa unasikiliza." Nikajaribu tena, taratibu, nikasikia kwenye ncha za vidole kitu kikilegea, na kile kipande chenye alama ya wembe kikaanguka kwenye kitambaa. Alikichukua akakitia mfukoni mwake. Sijui alikitupa wapi. Upande wa pili ulikuwa wazi tayari, tangu kipini chake kiruke. Akanifundisha kuingiza kipini kwenye mkanda mwingine, kutanguliza ncha moja kwenye tundu la chini, kuibonyeza ncha ya juu kwa ule ulimi wa nyoka na kuiachia mpaka isikike ikiingia tunduni. Upande wa kwanza nilikosea mara tatu. Upande wa pili nilipata mara moja.

Nikanyoosha mkono kuichukua.

"Bado. Vuta."

"Nivute?"

"Vuta kila upande, mala mbili. Utampaje mtu kitu hujakijalibu? Imeshaanguka mala moja, inatosha."

Nikavuta. Haikutoka. Ndipo akaniachia nianze kuandika majina, akiyataja moja moja, na mimi nikiyaandika kwa herufi kubwa za shule. Ilituchukua muda. Katikati aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia. Akaniuliza mama yuko wapi, nikamwambia na hilo pia. Akasema, "Pole, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuhame mtu kuniambia pole, na nikaharibu jina moja kwa machozi, tukalazimika kukata boksi jingine.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Nikaiweka saa juu ya ungo, katikati ya mchele. Akaitazama. Akaishika. Akaona mkanda mpya, akaona mchoro mgongoni, akaona kidole changu.

"Uliipata wapi?"

Nilikuwa nimepanga kusema imepatikana korongoni, basi. Lakini mdomo ulipofunguka ukatoa jingine. "Ni mimi nilikata mkanda, baba. Kwa wembe. Jumapili ile ulipokuwa unaoga."

Ungo ukatulia magotini mwake.

"Kwa nini?"

"Nikiongea, ulikuwa unaitazama saa. Nilidhani unataka nimalize."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. "Nilikuwa natazama kama imebaki saa moja. Au nusu saa. Kila siku nilikuwa natazama, hata siku zisizo za simu." Akaichomoa ile saa mchelini, akaishika bila kuivaa. "Mama yako ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema ukijua hutasoma. Mimi nikakubali, kisha nikaona nikifungua mdomo kwa lolote, litatoka hilo."

Hakunichapa. Wala hakusema yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha; simu ya kuagana ilikuwa imeshapotea, na hakuna fundi wa kuirudisha. Tulikaa tu na ule mchele kati yetu. Kisha akasema Jumanne niandae viatu, twende wote.

Jumanne tulikaa kilimani mpaka mwenye duka akafunga. Ijumaa vilevile. Mwenye duka alikuwa akisimama kwenye mti wake na simu imeinuliwa, akitikisa kichwa kutoka mbali ili tusijisumbue kuuliza. Jumanne ya pili ikalia. Alikuwa mjomba, akipiga kutoka Mwanza. Upasuaji umefanyika, mama yuko wodini, amedhoofu lakini anaongea. Baba aliongea na mama maneno machache kwa Kihangaza, akisema tu ndiyo, ndiyo, nimekusikia, nisamehe. Kisha akanipa simu. Ilikuwa ya moto kwa kushikwa.

"Mawe," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya mbali, lakini ilikuwa yake. Akauliza kama nakula. Nikasema nakula. Akauliza kama nasoma, nikasema nasoma. Nilijua muda ni mfupi, nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa tumboni miezi yote.

"Mbona ulimchagua mtoto, mimi ukanitoa?"

Nikamsikia akimwambia mjomba amwinue kidogo.

"Mtoto anakaa na yeyote mwenye maziwa," akasema. "Baba yako hawezi kukaa na yeyote. Nilitafuta wa kumwachia, nikaona ni wewe tu."

Hatukuongea tena. Wiki ya tatu baada ya hapo, mchana, si jioni, mwenye duka alishuka mwenyewe kutoka kilimani kwa miguu, akaja mpaka shuleni, na baba alipomwona kupitia dirisha la darasa aliweka chaki mezani kabla mtu yule hajafika mlangoni.

Tulimzika Murukulazo, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya bibi. Siku zilezile wanawake wa ukoo wakakaa na kuamua. Mtoto atabaki kwa bibi. Na mimi nitabaki kwa bibi. Kule Biharamulo nitalelewa na nani? Mwanamume peke yake, ugenini, na mtoto wa kike? Baba alisikiliza yote ameinamisha kichwa, akasema ni sawa. Nami moyoni nilifurahi, niseme ukweli. Nilikuwa nimerudi kwenye vilima vyangu. Binamu zangu walilala nami kitanda kimoja na kunisimulia hadithi kwa lugha yangu. Shangazi alikuwa amekwisha kunitafutia nafasi shuleni.

Asubuhi ya baba kuondoka, mimi na bibi tulimsindikiza barabarani. Alivaa koti lake la kufundishia. Alikuwa na mfuko mmoja tu. Basi likaja, likasimama, kondakta akawa anahimiza watu. Baba aliniweka mkono kichwani, akasema, "Msikilize bibi yako." Akapanda. Nikamwona kupitia dirishani akitafuta kiti, akikaa, akiweka mfuko magotini kisha kuuhamishia kwenye kiti cha pembeni kilichokuwa wazi, kisha kuurudisha magotini tena, kana kwamba hajui mfuko wa mtu mmoja unakaa wapi.

Nikauachia mkono wa bibi. Nilikuwa nimepanda basi kabla hajaniita.

"Shuka," baba akasema. "Nguo zako ziko kwa bibi."

"Zitakuja."

"Kule huna mtu. Hukuwa na rafiki hata mmoja. Unadhani sikuona?"

"Kule upo wewe."

Kondakta akauliza mtoto anakwenda au anashuka. Bibi alikuwa amefika chini ya dirisha, ameshika kiuno, anahema. Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe, na nikaona midomo yake ikijiandaa kukataa. Kisha akavua kanga ya mabegani mwake, akaikunja, akaipitisha dirishani. "Pori lina baridi," akamwambia baba. "Mfunike."

Tulikaa kimya mpaka vilima vikaisha. Nilijua itakuwa hivyo, nikawa nimejiandaa. Basi liliingia kwenye msafara, likaanza kupita porini nyuma ya lori la askari, vumbi likijaa kila mahali, na ndani ya vumbi lile nikamsikia baba akikohoa na kusema, bila mimi kuuliza, kwamba mara ya kwanza kumwona mama yangu alikuwa amekaa juu ya mti wa parachichi, amekataa kushuka, na dada zake wote wako chini wanamsihi. Nikamuuliza kwa nini alikataa. Akasema hiyo ni hadithi ndefu, akaianza.

Tulipofika Lusahunga, ng'ambo ya pori, basi lilisimama, watu wote wakashuka kununua chakula na kujinyoosha miguu. Kondakta akapita akihesabu viti, akatuuliza kama sisi hatushuki. Baba akampungia mkono aende. Alikuwa hajamaliza.